Laki Tano kwa Mikono Miwili

Kama uko jikoni, shughuli isisimame, sikio tu linatosha. Ila kama una kalamu na karatasi karibu, viweke tayari, maana leo tutapiga hesabu kidogo.

Nataka kuzungumza na watu wanaotengeneza vitu kwa mikono yao na kuviuza. Wasukaji wa mikeka na vikapu, wanaochovya batiki, wanaotengeneza sabuni za mwani kule Paje, wafinyanzi, wanaotunga shanga, wanaodarizi kofia usiku baada ya watoto kulala. Mwaka unapoanza, watu hawa nao huweka malengo kama sisi wengine. Ukiwauliza, wengi watakwambia, "Mwaka huu nataka kukuza biashara." Ukiuliza kukuza mpaka wapi, utatajiwa kiasi cha fedha: laki tatu kwa mwezi, laki tano, milioni. Ukiuliza kinachozuia ni nini, jibu ni moja tu: mtaji.

Jibu hilo la mtaji ndilo ninalotaka kubishana nalo leo. Sisemi kwamba fedha si tatizo. Kila anayenunua malighafi kwa vipande vya elfu mbili mbili anajua uchungu wake. Ninachosema ni kwamba kabla ya kufika kwenye mtaji, mtu hukutana na hofu, na hofu hizo zimo ndani ya lengo lake mwenyewe. Hataziona mpaka akae na daftari alivunje lengo lile liwe saa za kazi, idadi ya vitu, na watu atakaowauzia.

Tuchukue mfano mmoja tukae nao. Kikapu cha ukindu, kile kizuri, chenye mistari ya rangi na mikono ya ngozi. Tarakimu nitakazotaja ni za mfano. Wewe utaweka za kwako, iwe unasuka Rufiji, Makunduchi au Pemba.

Kazi ya kikapu hiki inaanza mbali na sindano. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa mpaka yapauke, huchanwa kwa upana mmoja, mengine huchemshwa kwenye sufuria ya rangi na kuanikwa tena. Halafu ndipo ukili unaposukwa, pima baada ya pima, na ukili ule hushonwa kuzunguka mpaka kikapu kisimame. Tuseme malighafi yote, ukindu, rangi, uzi, ngozi ya mikono na nauli ya kuvifuata, ni shilingi 12,000. Tuseme kazi yote, ukijumlisha vipande vipande vya muda, ni saa 15. Na tuseme kikapu kinauzwa shilingi 15,000, kwa sababu jirani anauza hivyo hivyo.

Elfu kumi na tano toa elfu kumi na mbili, inabaki elfu tatu. Igawe kwa saa 15. Mama anayekisuka anajilipa shilingi 200 kwa saa.

Naomba tusimame hapo kidogo, maana najua kuna mtu ameshtuka na mwingine amekasirika. Kwa nini hesabu hii haipigwi? Si kwamba wasukaji hawajui hesabu. Mwanamke anayejua kugawa ukili wa rangi tatu mpaka maua yakutane sawasawa kwenye mshono anajua hesabu kuliko wengi wetu. Haipigwi kwa sababu kusuka kumekuwa kazi ya barazani, kazi ya kupitishia muda huku watu wanazungumza, mikono inakwenda na mdomo unakwenda. Muda wa mwanamke akiwa nyumbani haujawahi kuhesabiwa kuwa una bei. Basi anapokuja kuuza, anahesabu alichonunua dukani tu, na saa zake anampa mteja bure. Hili linaniuma sana, na nitalisema kila nikipata nafasi.

Sasa turudi kwenye lengo. Mama yule anataka laki tano kwa mwezi. Ana nyumba na watoto, labda na shamba. Akijitahidi anapata saa tano kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani saa 30. Saa 30 ni vikapu viwili. Kwa mwezi ni vikapu vinane. Kwa bei ya elfu kumi na tano, vikapu vinane vinambakizia shilingi 24,000. Lengo ni laki tano, mikono inaleta elfu ishirini na nne.

Mtu akiambiwa hivi, jambo la kwanza analofikiri ni kuongeza bidii. Bidii haitoshi. Hata bei ikipanda mara mbili ikawa elfu thelathini, kila kikapu kikimwachia 18,000, bado laki tano inadai vikapu 28 kwa mwezi. Vikapu 28 ni saa 420. Ni saa 14 kila siku, mwezi mzima, bila Ijumaa wala Jumapili. Huko si kukuza biashara. Huko ni kuumaliza mgongo na macho.

Jambo la pili analofikiri ni kutafuta wasaidizi. Vema, lakini msaidizi naye anataka kulipwa. Ukimlipa elfu moja kwa saa, kikapu chake kina elfu kumi na mbili ya malighafi na elfu kumi na tano ya mkono wake, jumla 27,000. Ukikiuza elfu thelathini, kwako inabaki elfu tatu. Ukiwa na wasaidizi wanaokuletea vikapu 20 kwa mwezi, wamekuongezea shilingi 60,000 na maumivu ya kichwa ya kusimamia watu. Biashara nyingi za mikono hufia hapa: mtu anaajiri kabla hajarekebisha bei, anafanya kazi zaidi na anabaki na kile kile.

Sasa jaribu hivi. Kikapu kiuzwe shilingi 40,000. Vinane vyako mwenyewe vitakuachia 224,000. Wasaidizi wakileta 22, kila kimoja kikikuachia 13,000, hiyo ni 286,000. Jumlisha: laki tano na elfu kumi. Lengo limefika! Na wasaidizi wanaohitajika ni watatu, kila mmoja akifanya saa zile zile 30 kwa wiki.

Kwa hiyo, msikilizaji, "laki tano kwa mwezi" maana yake ni mambo matatu. Kutaja bei ya elfu arobaini bila kutetemeka. Kuwafundisha kazi yako wanawake watatu. Na kupata wanunuzi thelathini kila mwezi, karibu mmoja kwa siku. Yatazame vizuri mambo hayo matatu. Hakuna hata moja linaloanza na mkopo, na yote matatu yanatisha.

Nianze na la bei, kwa sababu ndilo kubwa.

Nenda kwenye maonesho yoyote ukasimame karibu na banda la mtu anayeuza kazi ya mikono. Mteja anashika kikapu, anakigeuza, anauliza, "Dada, hiki shilingi ngapi?" Dada anajibu, "Elfu arobaini, lakini tutaelewana." Mteja bado hajalalamika wala hajafumba jicho! Muuzaji amekwisha kushusha bei yake mwenyewe. Neno hilo la "tutaelewana" linagharimu elfu kumi kila linapotamkwa, na linatamkwa kwa hofu. Hofu kwamba mteja atasema ghali. Hofu kwamba atasema, "Si majani tu haya?" Hofu kwamba atazunguka banda la pili na kununua kwa mwenzako.

Baadhi yao watasema hivyo na wataondoka kweli. Lakini wewe umekwisha kupiga hesabu, na unajua kwamba anayetaka kikapu hiki kwa elfu kumi na tano anataka saa zako 15 kwa bei ya maandazi. Huyo si mteja wa kikapu hiki. Msukie kingine: kidogo, cha miyaa, bila ngozi, cha saa tatu, akinunue kwa furaha, na nyote wawili mpate.

Kupatana bei ni desturi yetu na siwezi kumwambia mtu aiache. Mteja asiyepunguziwa hata kidogo anaona amedharauliwa. Ila bei ya mwisho ijulikane kabla hujatoka nyumbani, iandikwe kwenye daftari. Tuseme elfu thelathini na sita. Kwa bei hiyo kikapu cha msaidizi bado kinakuachia elfu tisa. Chini ya hapo unasema, "Dada yangu, hapo siwezi," unatabasamu na kunyamaza. Kunyamaza baada ya kutaja bei ni kazi ngumu. Ifanyie mazoezi nyumbani, kwa sauti, mbele ya mtu. Nasema kweli. Mwambie mwanao aigize mteja mbishi, na wewe utaje elfu arobaini mpaka sauti iache kudondoka mwishoni.

Na mteja akiuliza kwa nini, mweleze. Mwonyeshe mshono wa ndani. Mwambie ukili huu umesukwa kwa miyaa mingapi, rangi imechemshwa kwa muda gani, kina saa kumi na tano za mkono wa mtu. Watu wengi hawajui. Wameviona vikapu tangu utotoni, wakadhani vinaota sokoni.

Kuna bei iliyo ngumu kuliko ya mgeni, nayo ni ya ndugu na shoga. Shangazi anakuja, anakipenda kikapu, anasema, "Mwanangu, hiki nitakichukua." Hasemi atakinunua. Ukimwambia bei utaonekana umebadilika, huna heshima, biashara imekupanda kichwani. Mtu anaweza kutoa vikapu vitatu kwa mwezi kwa njia hii, na vitatu kati ya vinane ni zaidi ya theluthi ya mali yake. Ushauri wangu ni kutenga: katika mwaka, weka vikapu vinne au vitano vya zawadi, viandike, na uvitoe kwa moyo mweupe siku ya harusi, siku ya arobaini ya mtoto, siku ya Idi. Shangazi akija katikati ya mwezi unamwambia, "Shangazi, hivi ni vya oda, vina wenyewe. Chako nakusukia kabla ya Idi, rangi uipendayo." Hujamnyima, na hujafilisika.

Sasa hofu ya pili, ya kufundisha. "Nikimfundisha, kesho atafungua yake na kunichukulia wateja." Nimeisikia kauli hii kwa washonaji, wapishi wa keki na watengeneza sabuni, na siwezi kusema haina ukweli. Wapo watakaoondoka. Lakini tazama kilichotokea Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 maeneo ya Oysterbay, akitumia rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari, na kuwauzia wapita njia. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, akafariki. Kazi yake yote ya uchoraji ni ya miaka minne hivi. Angekuwa ameificha, tungekuwa leo na picha chache tu za mtu mmoja. Lakini alikuwa amewaweka karibu ndugu na rafiki, akina Ajaba Abdallah, Kaspar Tedo, Adeusi Matambwe, January Linda na Simon Mpata. Hao waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 ushirika wa wachoraji wa Tingatinga ukaundwa. Zaidi ya nusu karne baadaye familia nyingi zinaishi kwa mtindo ule.

Gharama yake ipo pia, na ni haki niitaje. Mtindo ule umeigwa mno, picha zinafanana, na zinazofanana hushindana kwa bei. Kwa hiyo, unapowafundisha wasaidizi watatu, wewe usisimame. Usukaji wafundishe wote. Lakini kila msimu uwe na umbo jipya, mpangilio mpya wa rangi, mfuniko, kitambaa cha ndani. Anayeiga ataiga cha mwaka jana.

Kwenye jambo hili hili kuna mfano mwingine kutoka Nairobi. Kazuri, wanaotengeneza shanga za udongo, walianza mwaka 1975. Lady Susan Wood alianza na wanawake wawili, akina mama waliokuwa wakilea watoto peke yao na waliohitaji kazi. Baadaye kiwanda kile kikawa na wafanyakazi zaidi ya 300, wengi wao wanawake, na kila shanga bado inafinyangwa na kupakwa rangi kwa mkono. Walianza wawili, msikilizaji. Wewe unatafuta watatu.

Ila mwenye wasaidizi lazima awe na kipimo. Kikapu kimoja kizuri kikae ukutani kiwe kielelezo: upana huu, kimo hiki, mshono umbali huu. Kinacholetwa kikilegea, hakiendi kwa mteja wa elfu arobaini. Unamwonyesha msaidizi wapi kimelegea, kwa upole, faragha, naye anarekebisha. Anayeogopa kumwambia mwenzake "mama, hiki hakijakaa" ataogopa zaidi siku mteja atakapomrudishia yeye.

Na kuna jambo ambalo wachache huliogopa ingawa lingestahili: malighafi kwisha. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza kuchonga huku Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akarudi na ujuzi huo kwao, na uchongaji ukaenea mpaka ukazaa ushirika mkubwa wa Changamwe, Mombasa, ulioanzishwa mwaka 1963. Soko lilikua, na mipingo na mihugu ikapungua vibaya, hata wachongaji wakahimizwa kuhamia kwenye mwarobaini na miti mingine inayokua haraka. Ukitoka vikapu vinane kwenda thelathini, ukindu utakaohitaji unakaribia mara nne. Mkindu unaokatwa makuti machanga kila mara bila kupumzishwa hudhoofu. Unaukata wapi, ni wa nani, na nani anapanda mwingine? Swali hilo nalo liandikwe kwenye daftari la malengo.

Hofu ya tatu, ya kutafuta wateja thelathini, imefichwa nyuma ya methali tunayoipenda: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote kwa wazee wetu, methali hii imewakalisha nyumbani mafundi wengi hodari. Chema kilichofungiwa chumbani hakijiuzi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa imetangulia miaka mingi kabla, na Kenya ilipiga marufuku Agosti 2017. Wengi tulisema sasa zamu ya kikapu imerudi. Ikarudi kidogo tu. Soko kubwa lilichukuliwa na mifuko mbadala ya shilingi mia chache, kwa sababu ilikuwepo dukani asubuhi ile, kwa maelfu, na vikapu vilikuwa uani kwa wenyewe.

Somo nililolipata mimi pale si kwamba kikapu kishindane na mfuko ule. Hakiwezi, na kisijaribu. Mteja wa elfu arobaini yuko kwingine. Yuko kwenye kamati ya kicheni pati inayotafuta zawadi ya bibi harusi. Yuko hotelini anakotafutwa mtu wa kupamba vyumba. Yuko kwenye maduka ya Mji Mkongwe na ya Masaki. Yuko Instagram usiku, anaangalia picha kwenye simu. Lazima umfuate huko. Na kumfuata kunatisha, maana meneja wa hoteli anaweza kukuacha umesimama mapokezi saa nzima, na picha uliyoweka inaweza kupendwa na watu watatu, wote ndugu zako. Nenda hata hivyo, lakini nenda kwa idadi: maduka mawili kila wiki, hoteli moja, kamati moja ya harusi. Andika nani alisema hapana na kwa nini. Baada ya "hapana" kadhaa utagundua zinafanana, na mara nyingi zinasema jambo dogo linalorekebishika: mikono ni mifupi, hakuna kadi ya jina na namba ya simu, rangi inaachia.

Wenye maduka wengi watataka mali kauli: acha vikapu, nikiuza nitakulipa. Usikatae moja kwa moja, maana ndiyo njia ya kuingia. Acha vitatu, si kumi. Andika idadi, bei na tarehe, atie sahihi. Rudi baada ya mwezi. Asiyelipa kwa vitatu hawezi kulipa kwa kumi.

Halafu inakuja siku ambayo watu huiombea, na ikifika wanaikimbia. Hoteli inapiga simu: tunataka vikapu mia mbili. Mikono inatetemeka. Wapo wanaosema ndiyo papo hapo kwa furaha, na wapo wanaozima simu. Fungua daftari. Vikapu mia mbili ni saa 3,000. Ninyi ni wanne, saa 30 kila mmoja, yaani saa 120 kwa wiki. Ni wiki 25, karibu nusu mwaka. Basi jibu si ndiyo wala hapana. Jibu ni, "Mia mbili nitakupa kwa miezi sita, thelathini na kitu kila mwezi. Ukivitaka mapema, nakupa arobaini kwa wiki tano." Hoteli nyingi zitaelewa, zinafanya kazi na mafundi wengine pia. Ile ambayo haitaki kuelewa ingekuvunjia jina.

Na fedha za malighafi? Vikapu mia mbili ni shilingi 2,400,000. Hapa ndipo watu wanapoangukia mikopo ya kausha damu, wakalipa riba ya wiki kwa oda itakayolipwa baada ya miezi. Nakuomba sana, usiende huko. Bei ya oda ile ni milioni nane. Omba asilimia 30 iwe malipo ya kutangulia. Ni milioni mbili na laki nne, malighafi yote kamili. Kuomba fedha ya kutangulia si kujidhalilisha, ndivyo biashara ya oda inavyofanywa. Hawataki kutoa? Kikoba chenu kipo. Halmashauri nayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya matatizo, ikarejeshwa mwaka 2024. Inataka kikundi kilichosajiliwa na andiko la mradi, na daftari hili tunalolizungumzia ndilo nusu ya andiko hilo.

Kuhusu hofu ya ofisi, kodi na usajili, nitapita haraka, kwa sababu hofu hii huisha siku ya kwanza mtu anapoingia ofisini na kuuliza. Namba ya mlipa kodi hutolewa bure. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato katika utaratibu wa makadirio. Akivuka, anaingia kwenye viwango vya wadogo. SIDO, lile shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi mikoani, na kazi yake ni kusikiliza watu kama wewe. Ukitengeneza sabuni au chakula, huko ndiko utakakoelekezwa njia ya kufika TBS, shirika la viwango. Nenda ukiwa na maswali matatu yaliyoandikwa, usiondoke mpaka yamejibiwa.

Nimebakiwa na dakika moja. Wiki hii, kabla hujaomba mkopo popote, fanya kazi mbili. Chukua kitu kimoja unachotengeneza, kitengeneze huku saa iko ukutani, na uandike kila muda ulioutumia, hata ule wa kuchana na kuanika. Kisha andika chini yake lengo lako la mwezi, ligawe, uone linadai bei gani, watu wangapi, wateja wangapi. Lile linalokufanya utake kufunga daftari, hilo ndilo la kuanza nalo Jumatatu.

Leo tuko katika wiki ya pili ya Februari. Maonesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa hufunguliwa Juni 28, na kuanzia sasa mpaka siku hiyo ni wiki 20. Anayesuka peke yake vikapu viwili kwa wiki anaweza kufika pale na vikapu 40. Ulizia banda mapema kwa SIDO ya mkoa wako, maana nafasi hujaa.